Jinsi Meza ya Fundi Owuor Ilivyoota Pembe

Mimi niliwahi kudondoshewa maziwa ya mama machoni, mchana kweupe, nikiwa na ndevu, kando ya barabara kuu, huku watu wakinywa uji na kutazama. Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati, na msije mkasikia kwa mwingine mkadhani nilikuwa naficha. Halafu niongeze kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu nzuri ya siku ile.

Shule niliiacha mapema, na si kwa sababu ya karo kama watu wanavyopenda kusema, niliiacha kwa sababu ya dirisha. Kwetu ni Kombewa, na nje ya dirisha la darasa letu kulikuwa na mzee wa kutengeneza baiskeli, na siku moja nikatoka kwenda kuona gurudumu lililopinda linavyonyooshwa na sikurudi tena (mwalimu aliniona nikitoka, akaendelea na somo, nadhani naye alikuwa amechoka na mimi). Kwa mzee wa baiskeli nilikaa mpaka nikajua kila kitu kilichomo ndani ya baiskeli, halafu nikahama, kwa sababu ndivyo nilivyo, kitu nikishakijua tumbo lake kinanichosha. Nikaenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, nikahama. Nikaenda Usenge kumgeuzia mama mmoja omena, vile vidagaa vya ziwani, juani, na hapo nilijua yote ya kujua kabla ya saa sita mchana, lakini nilikaa kwa sababu ya chakula, halafu nikahama.

Ndipo nikafika Nyamasaria. Siku hizo, mwishoni mwa miaka ya themanini, Nyamasaria haikuwa na majumba kama sasa, ilikuwa barabara ya Nairobi, mashamba, vibanda, na kando ya vibanda karakana ya Fundi Owuor, yaani mabati yaliyokaa juu ya nguzo, mashine moja ya kuchomelea vyuma inayonguruma kama ng'ombe mgonjwa, na meza moja kubwa. Meza yenyewe ilikuwa chuma kitupu, na waya mmoja wa mashine ulifungwa kwenye mguu wake, hivyo chochote utakachokiweka juu yake kiko tayari kushika moto wa kuchomelea. (Hilo la meza mliweke mahali, tutalihitaji.) Nilikuwa napita tu kuelekea Ahero nikaona mwanga wa buluu, nikasimama, nikawa natazama, na Fundi Owuor akainua ngao yake ya uso akaniuliza, "Wewe, hiyo macho umekopa ama ni yako?"

Nikamwambia ni yangu.

"Basi geuka. Huu moto hautazamwi na mtu. Huu moto unasikizwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Na huko kusikiza hakukuwa mzaha, ndiko kulikokuwa mafunzo yake. Mwanagenzi mpya hakupewa chochote cha kushika, alisimamishwa akiipa meza mgongo, Fundi akawa anachomelea nyuma yake, na kazi yako ni kusema kama mshono unakwenda vizuri au vibaya kwa sauti peke yake. Mshono mzuri hulia kama samaki anayekaangwa kwenye mafuta ya kutosha, bila kupumzika. Mkono ukienda mbali sauti inapasuka-pasuka, ukikaribia mno inakwama na kunyamaza. Ukikosea unaambiwa, "Umeunguza samaki, rudia." Nilisimama hivyo hadi nikawa naweza kujua, nikiwa kule kwa Mama Akeyo wa uji, ni nani anayechomelea na kama amegombana na mkewe.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuhama. Watu wa kwetu walishangaa, mimi pia nilishangaa, lakini sababu ninaijua. Ilikuwa ndiyo kazi pekee niliyokutana nayo ambayo tumbo lake limekatazwa kutazamwa. Ukivaa ngao, kile kioo cheusi kinakuonyesha kijidoa cha kijani kinachotembea, basi. Ukivua ngao, unageuza uso. Kwa hiyo pale chuma kinapoyeyuka na kuwa uji, mahali penyewe hasa, hakuna anayepaona kwa rangi yake, na mimi nilikuwa nalala na hilo jambo kichwani kama mtu mwenye deni.

Sasa, kulikuwa na yadi moja upande wa bandarini iliyokuwa ikitengeneza na kukarabati vyombo vya chuma vya ziwani, na yadi hiyo ilikuwa ikichukua kijana mmoja mmoja kutoka kwa mafundi wa jua kali wa kando ya barabara kama sisi, inamfundisha upya, inampa ovaroli, viatu vya chuma mbele, na mwisho cheti ambacho ukienda nacho Mombasa au Nairobi mtu anakusogezea kiti. Fundi Owuor alikuwa hajawahi kuingiza mtu huko. Aliniita pembeni akaniambia fomani wa yadi atakuja Ijumaa, atatazama mimi na Wafula tukiunga kipande kimoja kimoja, na atachukua mmoja.

"Wafula ni mzuri," akasema, "lakini wewe ndiye nimesema jina lako kwanza. Omondi, usinitie aibu."

Wafula, ili mumjue, alikuwa mwenzangu, Mluhya wa Bungoma, mpole, tulilala naye chumba kimoja nyuma ya karakana. Alhamisi jioni Wafula alikuwa anamalizia lango la mtu, mimi nimechuchumaa karibu nimeshika chuma kisitikisike, na Fundi hayupo. Nikajiambia, kesho huenda nikaingia yadi na huko kuna sheria, nisipotazama leo sitatazama tena. Nikatazama. Kidogo tu, kama mtu anayechungulia chungu cha wenyewe. Ukweli ni kwamba ni kuzuri huko ndani, kuna kiziwa kidogo cheupe kinachozunguka na ukingo wake wa rangi ya chungwa, na kinasogea kama kitu kilicho hai kinachotafuta njia, na nilipoona hivyo nikatazama tena, na tena, mpaka Wafula akanyanyua ngao akasema, "Omera, ndugu yangu, unafanya nini?" Nikasema nimeshika chuma.

Anayejua kazi hii tayari anacheka. Moto ule haukupi adhabu palepale, unakuacha ule ugali wako vizuri, ucheke, ulale, halafu ndipo unaamka na mchanga. Si mfano wa mchanga, unahisi mtu amekumwagia ndoo ya mchanga wa ufukwe wa Dunga chini ya kope na kope zenyewe zimevimba kama mandazi. Wafula akakata kiazi vipande, akaniwekea machoni, kikipata joto anabadilisha, na hivyo tukafika asubuhi, mimi nikiwa siwezi kufungua jicho zaidi ya kupepesa, na nikipepesa naona maji.

"Tumwambie Fundi," Wafula akasema.

"Tumwambie nini? Kwamba ile kitu alinikataza siku ya kwanza nimefanya jana?"

"Basi twende kwa Mama Akeyo."

Hapo niwaeleze, kwa ambao hawajafanya kazi ya vyuma, kwamba dawa ya macho ya moto huku kwetu inajulikana, na kila karakana ina mama wake. Ni maziwa ya mama anayenyonyesha, matone machache kila jicho, yanapoza. (Hospitalini watakukemea, na wana haki yao, lakini hospitali haiko kando ya karakana na Mama Akeyo alikuwa kando ya karakana.) Wafula akanishika mkono akanivusha mpaka kwenye sufuria lake kubwa la uji, penye benchi la wateja, na akamweleza kwa sauti ya chini kabisa, naye Mama Akeyo akajibu kwa sauti ya kuita feri.

"Yawa! Omondi! Umeangalia moto!"

Benchi zima likageuka. Sikuona, lakini benchi likigeuka linasikika.

"Mama, pole pole," nikasema.

"Pole pole ya nini? Mtu mzima hivi! Lete kichwa hapa haraka, uji yangu itaungua."

Nikadhani atakamulia kwenye kifuniko cha soda kama nilivyosikia wengine wakifanyiwa. Hakuwa na muda wa vifuniko. Nikalazwa kwenye benchi kichwa mapajani mwake, mtoto akahamishiwa kwa Wafula akaanza kulia, na wateja wakaanza mashauri.

"Mama, kwani unanyonyesha msichana ama kijana?" mzee mmoja akauliza. "Ya macho lazima iwe ya mama wa msichana."

"Nani alikudanganya?" mwingine akasema. "Ya kijana ndiyo kali."

"Nyinyi wazee," Mama Akeyo akasema, "mnakunywa uji ama mnanifundisha matiti yangu?"

Tone la kwanza liliangukia puani. La pili sikioni, kwa sababu kila nikisikia linakuja nilikuwa naruka kama kuku. Mama Akeyo akachoka. "Wewe Bwana," akamwambia mtu, "si umemaliza kikombe? Shika hii kichwa."

Mikono miwili ikanishika kichwa pande zote, mikono migumu, yenye harufu ya rangi ya mafuta, na nikahisi kwamba mkono mmoja una kidole kifupi, yaani kimekatika kwenye kiungo, kile kigutu kikawa kinanigusa shavuni. Alishika vizuri. Matone yakaingia, na kweli yalipoza, nikajisikia mtu tena, na nikijisikia mtu huwa naongea.

"Asante Mzee," nikamwambia mwenye mikono. "Lakini nakuomba kitu kimoja, ukipita hapo kwa Fundi Owuor usiseme. Leo kuna mtu wa yadi anakuja kunipima."

"Aa." Alikuwa na sauti ya polepole. "Na si ungemwambia tu huyo mtu kwamba macho ni mbaya leo?"

"Nimwambie aende na nafasi yangu?"

"Hataona?"

"Ataonaje? Hawa wakubwa wanaangalia kazi, hawaangalii macho ya mtu."

"Hm," akasema, akanipangusa shavu kwa kidole gumba, akaniachilia, na nikasikia sarafu ikiwekwa mezani na hatua zikienda. Zilikwenda upande wa karakana, lakini upande ule kulikuwa na vitu vingi.

Wakati tunarudi nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nilimwambia Wafula kwamba ukifikiri vizuri kila mchomeleaji ni kipofu, ukishateremsha ngao huoni hata meza mpaka cheche ya kwanza iruke, kwa hiyo mimi nitakuwa kipofu kidogo zaidi ya wengine, na sauti ninaijua. Wafula akazidi kunivuta mkono. Alikuwa bado ana mate ya mtoto begani.

Fundi Owuor alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa ametandika gazeti kwenye kona moja ya ile meza ya chuma na kupanga soda juu yake, za mgeni na za sisi pia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Mama Akeyo akaja na kikombe mkononi kuona dawa yake itafanya nini, na wateja wake wakamfuata, na mwenye lango akaja kuchukua lango akaamua kungoja. Nilisimama nimeinamisha kichwa kidogo kama mtu mwenye adabu.

"Bwana Fomani, huyu ndiye Omondi," Fundi akasema.

Nikatoa mkono. Ukapokewa na mkono mgumu, na kwenye kiganja changu nikakihisi kile kigutu cha kidole.

Nataka mjue kwamba nilikuwa na nafasi ya kufikiri pale. Nilifikiri. Nikafikiri kwamba vidole vifupi viko vingi Kisumu, hasa kwa watu wa vyuma.

"Omondi," ile sauti ya polepole ikasema. "Uko sawa leo? Unaona vizuri?"

"Naona kama mwewe, Bwana."

Wafula akakohoa. Mama Akeyo akaguna kitu kwa Kijaluo ambacho sitakitafsiri.

"Haya," fomani akasema. "Fanya."

Kazi ilikuwa rahisi, ya kipande cha kulala na kipande cha kusimama juu yake wima, unaunga kwenye kona pale vinapokutana. Nikapapasa kipande cha kulala, nikakiweka. Nikasimamisha cha pili juu yake, nikakiegemeza kwa tofali kisianguke, nikapitisha kidole kwenye kona, pako sawa. Nikateremsha ngao. Halafu nikakumbuka kwamba nimesimama vibaya, nikasogea, na nadhani kiwiko kiligusa kitu, kwa sababu nilisikia chuma kikikwaruza chuma, nikakirudisha kile cha kusimama mahali nilipodhani ni mahali pake, sikupitisha kidole mara ya pili kwa sababu mwewe hapapasi, nikawasha.

Na samaki akakaangika. Jamani, alikaangika vizuri siku ile. Sijawahi kusikia sauti safi namna ile kabla wala baadaye, haikupasuka, haikukwama, mkono wangu ulikwenda kama unavutwa na uzi, na nilipofika mwisho nilijua hata bila macho kwamba nimefanya mshono bora wa maisha yangu. Nikabisha gamba, lile ganda la uchafu linalofunika mshono, kwa kinyundo, likatoka lote kwa kipande kimoja, na gamba likitoka hivyo anayejua anajua.

Fomani akasogea. Nikasikia akiinama, akikaa hapo.

"Huu mshono ni mzuri," akasema. "Huu ni mzuri kabisa. Watu wangu wengine hawawezi hii."

Nikasikia Fundi Owuor akivuta pumzi kwa ndani kama mtu aliyesomewa jina lake. Na nitasema kweli, hapo kwa muda mfupi nilikuwa tayari na viatu vyenye chuma mbele.

"Hebu tuone kwa chini," fomani akasema, akashika kile kipande cha kusimama kwa koleo akakiinua, na meza ikainuka nacho.

Si yote. Upande mmoja. Kona yenye soda ikateremka, gazeti likateleza, chupa zikaenda moja baada ya nyingine na kupasuka, na nyingine ikamwagikia chuma cha moto ikafanya shhh ndefu, na iliyobaki ikaingia ndani ya suruali ya mgeni. Halafu akaiachilia, meza ikarudi chini kwa kishindo, na kile kipande cha kulala, ambacho hakikuwa kimeungwa na chochote, kikateleza polepole mpaka ukingoni, kikaanguka kwenye saruji. *Kling.* Ile kling ndiyo iliyonieleza kila kitu.

"Omondi," fomani akasema, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua. "Umeunga nini na nini?"

Nikapapasa kwa kinyundo chini ya kile kipande cha kusimama, nikakuta meza.

"Mimi mniache!" Mama Akeyo akapaza sauti kabla hajaulizwa. "Msiseme ni maziwa yangu! Maziwa yangu iko sawa!"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kilikwenda mbali, nadhani kilifika kule darajani kwenye barabara kuu, mwenye lango alilazimika kulishikilia lango lake asianguke. Na katikati ya kicheko kile nikasikia fomani akikung'uta suruali na kumgeukia mwenzangu.

"Na wewe, Wafula. Unaona vizuri?"

"Naona, Bwana," Wafula akasema, "lakini mikono inanitetemeka. Sijalala. Nilikuwa nambadilishia huyu viazi."

"Kwa hiyo leo huwezi."

"Leo nikiunga nitakuaibisha, Bwana. Na Fundi."

"Basi wewe nenda ulale," fomani akasema. "Njoo yadi Jumatatu, utaunga huko."

Ni hivyo tu. Jumatatu. Hakuniambia lolote la kunifundisha, na mimi nilikuwa nangoja aniambie, nisimame hapo nifundishwe angalau. Alipokuwa anaondoka alinipitia, akaniwekea ule mkono wenye kidole kifupi begani akasema, "Na wewe pia lala. Kesho kutwa yatapoa." Akasimama kidogo kwa Mama Akeyo, akanunua uji mwingine, akaenda zake na suruali imelowa.

Macho yalipoa kama alivyosema. Wafula alikwenda Jumatatu, akaunga, akachukuliwa, na alipopata ovaroli alikuja nayo Nyamasaria Jumapili kunionyesha, si kwa kuringa, alidhani nitapenda kuona mifuko ilivyoshonwa, na nilipenda. Fundi Owuor hakunifukuza. Nilipochukua msumeno nikikate kile kipande kutoka kwenye meza akaniambia, "Kiache hapo." Nikadhani ni adhabu. Kumbe alikuwa ameshaona kwamba kikisimama vile kinafaa kukunjia vyuma vya madirisha, akawa anakunjia, na meza ikaitwa meza ya pembe. Mimi niliitwa mtoto wa Mama Akeyo. Mama Akeyo mwenyewe akinihudumia uji alikuwa anatangaza, "Huyu ni kifungua mimba wangu, alizaliwa na ndevu," na niliposikia hata watu wa kutoka Ahero wasionijua wananiita hivyo, nikahama. Nimefanya kazi nyingine tangu hapo, za saa, za redio, za pampu za maji, zote za kufungua na kutazama ndani, na hakuna iliyonikataza kutazama, na hakuna niliyokaa nayo.

Miaka ya tisini, karibu na mwisho wake, nilipita tena. Fundi Owuor alikuwa amekwisha rudi kwao kupumzika, karakana ina fundi mwingine asiyenijua, lakini meza ilikuwepo na pembe yake ilikuwepo, imeng'aa kwa kukunjiwa vyuma. Nikamuuliza hii nani aliiweka. Akasema hajui, aliikuta, na akaipiga kwa nyundo kunionyesha. "Unaona? Haitoki. Huyo alikuwa fundi."

Nikapitisha ukucha kwenye mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na tundu hata moja. Nilitaka kumwambia ni nani, mdomo ukafunguka kabisa, halafu nikakumbuka kwamba ningelazimika kumweleza na maziwa, nikaufunga.

Basi mimi nafsi yangu nimeshaweka ahadi, na nimeitunza. Mwanga wa buluu nikiuona barabarani nageuza uso nausikiliza. Na mtu akiniuliza kama naona vizuri, hata akiwa ni mtoto, hata kama jua linawaka, sijibu mpaka kwanza nipapase.